Kitanda Katikati ya Chumba

Miaka yote niliyolala nyumbani kwa bibi yangu, pale Palma, kaskazini mwa Msumbiji, kitanda changu kilikaa katikati ya chumba. Katikati kabisa. Bibi alipima kwa miguu yake, nyayo mbili huku na nyayo mbili kule, na akirudi kutoka kisimani akakuta kimesogea kidogo, anakirudisha. Chumba chenyewe kilikuwa kidogo, kwa hiyo kilichobaki ni kinjia tu cha kuzunguka kitanda. Mgeni akiingia bila kuonywa anagonga ugoko. Mimi mwenyewe mwenye kitanda ninazo alama mpaka leo.

Sababu ilikuwa babu yangu, mume wake. Babu alikuwa seremala wa milango, na wanasema milango yake ilikuwa haigombani na mtu, unaisukuma kwa kidole. Lakini kila baada ya mwaka au miaka miwili babu alikuwa analala kitandani, anageukia ukuta, na anabaki hapo. Wiki mbili, mwezi. Haumwi kichwa, hana homa. Haongei. Anakunywa vijiko vitatu vya uji ili bibi asilie, basi. Halafu siku moja anaamka, anaomba maji ya moto, anaoga, anarudi kwenye randa yake kama mtu aliyetoka msalani. Mtaani walishazoea. Mtu akija kuulizia mlango wake anaambiwa fundi yuko ukutani, subiri.

Mimi nilizaliwa siku chache baada ya arobaini ya babu, nikapewa jina lake. Kwetu jina halitolewi tupu. Bibi aliniita mume wangu tangu sijaota meno, na mimi nilipoanza kuongea nikamgombeza kama mume, kwamba mchuzi hauna chumvi na kwamba anatembea sana. Pamoja na jina nilirithi kofia ya babu, randa, na kitanda alichokitengeneza kwa mkono wake kwa mbao ya mninga. Hapo ndipo bibi akaanza kufikiri. Kama vyote hivyo vimenijia, basi ule ukuta nao umo humo humo. Na utakuwa umejificha wapi kama si kwenye kitanda, maana hapo ndipo ulipokuwa unamkamata babu? Kukitupa hakuweza, mninga ni mninga. Akakitoa ukutani.

Nikakua huku naangaliwa. Nikinyamaza muda wa kutafuna embe, mtu ananigusa paji la uso. Nikikaa peke yangu barazani, jirani anamwita bibi. Nikilala ubavu, bibi ananigeuza chali. Basi nikajifunza kuongea. Niliongea nikila, niliongea nikioga, nikawa naiga sauti ya shehe, ya mwalimu, ya mbuzi wa jirani. Watu wanasema mimi mcheshi wa kuzaliwa. Labda. Ila mimi najua nilianza vile mtu anavyoacha taa inawaka, ili mwizi asidhani nyumba haina watu.

Mwizi alikuja hivyo hivyo. Nilikuwa darasa la sétima, la saba, mwalimu anatufundisha nusu na robo na theluthi kwa Kireno, na mimi nikahisi uzito kifuani, nikadhani ni hizo theluthi. Nikarudi nyumbani nikalala. Ukuta ulikuwa mbali, kama bibi alivyopanga, nikajifunika shuka usoni, nikagundua kwamba shuka nalo ni ukuta, tena wa kubebeka. Bibi akatundika pazia mlangoni, akawaambia watu nina malaria. Malaria ya wiki tano. Mtaa mzima ulijua hakuna malaria ya wiki tano, lakini walikuja wakasema pole ya malaria, kwa adabu. Nilipoamka, darasa lilikuwa limeshafika mbali, na mimi na shule tukaachana kwa amani, kila mmoja na njia yake. Mpaka leo nusu naijua, robo naijua. Theluthi bado.

Tangu hapo ukuta ukawa unanijia kama ulivyokuwa unamjia babu, na kila mara bibi anatundika pazia.

Sasa nimwingize pacha wangu, kwa sababu bila yeye ningekuwa bado nagonga ugoko.

Tulizaliwa wawili, mimi nikiwa mkubwa kwa muda wa kuchemsha chai. Mama alifariki tukiwa na miezi minne. Baba alikuwa Mtwara kwenye biashara zake za kuvuka mto, na huko alikuja kuoa akakaa. Watoto wawili wachanga hakuna mtu mmoja wa kuwaweza, basi tukagawanywa. Mimi, mwenye jina la babu, nilibaki na bibi mzaa baba. Mwenzangu, ambaye alipewa jina la upande wa mama, alichukuliwa na mama mkubwa, dada yake mama, huko Pundanhar kwenye mashamba. Tulikuwa tunaonana sikukuu, tena si zote, maana njia ile mvua ikinyesha hata nyani anairuka kwa shaka. Tunashinda siku mbili tunaangaliana kama mtu na kioo chake, halafu kila mmoja kwao.

Halafu ikaja gesi. Gesi yenyewe hatukuiona, iko chini ya bahari, mbali. Tulichokiona ni magari meupe, helikopta, wageni wanaonunua maji ya chupa kwa maboksi, na kila kijana wa wilaya nzima anakuja Palma kutafuta kazi. Mwenzangu naye akaja. Alishuka kwenye lori na gunia la karanga zenye maganda, akasimama mlangoni kwa bibi, hakusema hata hodi. Bibi ndiye aliyemgundua alipokwenda kumwaga maji.

Tulikuwa tumeshakuwa watu wazima, na ndiyo mara yetu ya kwanza kukaa nyumba moja zaidi ya siku mbili. Bibi hakulala kwa kutuangalia. Wote tunavuta sikio la kushoto tukifikiri. Wote tunapiga chafya mara tatu, ya tatu kubwa. Siku moja bibi aliweka papai mezani. Miaka yote alikuwa ananiambia mimi sipendi papai kwa sababu babu hakupenda, na mimi nilidhani ndiyo maana silipendi, kwa kuambiwa. Mwenzangu hakuwahi kuambiwa habari za babu. Akalisogeza papai pembeni kwa kidole kimoja, hivi hivi kama ninavyolisogeza mimi. Bibi akainuka akaenda uani, akakaa huko kidogo.

Tabia ndiyo ilitutofautisha. Mimi naingia mahali, sauti yangu imeshatangulia. Yeye anaingia, na baada ya muda ndiyo unashangaa kumbe yupo. Sura moja, ila mimi redio na yeye kabati.

Tulipata kazi kundi moja, la watu wanaopima ardhi kambi ijengwe wapi. Yeye alikuwa anafyeka. Mimi nilipewa fimbo ndefu yenye rangi nyekundu na nyeupe, kazi yangu ni kusimama nayo wima mpaka yule wa mashine anyanyue mkono. Nilikuwa nalipwa kwa kusimama. Nilivaa ile kofia ngumu ya kazini, kapasete, mpaka sokoni kununua samaki, nisije nikaangukiwa na dagaa. Msimamizi wetu alikaa miezi miwili akidhani sisi ni mtu mmoja, mchapakazi asubuhi na mzembe mchana.

Na ovaroli ndizo zilizonipeleka kwa fundi cherehani. Zile ovaroli zilishonwa kwa ajili ya watu wa huko zilikotoka, watu wakubwa. Mimi nikiivaa yangu, miguu ilikuwa inaishia katikati ya suruali. Pale sokoni kulikuwa na binti mmoja anazipunguza, ana pini mdomoni, anakupima bila kukuangalia usoni. Akanipunguzia. Nikarudi, nikasema bado ndefu. Akapunguza. Nikarudi mara ya tatu. Akatoa pini mdomoni.

"Kaka, nikikata tena hii inakuwa kaptula," akasema. "Sema unachotaka."

Nikasema. Kwa mara ya kwanza nikasema jambo kwa maneno machache.

Bibi akatuma mshenga, na kwao wakajibu vizuri, kwamba wamesikia, watauliza kwanza. Kuuliza kwao kulikuwa na mtu wake, shangazi yake yule binti, mama mmoja mnene mwenye macho madogo, ambaye mjini alijulikana kwa kuvunja posa mbili za watu wengine kwa swali moja moja. Hasemi atakuja siku gani. Anapita tu, anakaa, anaangalia.

Bibi akanikalisha akanieleza mambo yalivyo, ingawa niliyajua. Yule mama akisikia habari ya ukuta, hakuna ndoa. Nani atampa binti yake mtu ambaye ukoo wake unalala mwezi mzima? Watasema damu hiyo itaingia kwa watoto. Kwa hiyo mpaka jibu litoke, mimi niwe mchangamfu, na kitanda kisionekane.

Kwenye kitanda bibi alikuwa na mpango wake. Alimpa mwenzangu kitanda, kwa kuwa yeye hana jina la babu, na mimi nikalala kwenye mkeka pembeni. Kitanda kimepata mtu asiye na jina, jina limepata mtu asiye na kitanda. Bibi aliamini ameutega ugonjwa njia panda. Niliona anacheka peke yake akipepeta mchele.

Wiki mbili baadaye nikaanguka.

Ningeelewa kama ningefukuzwa kazi, au yule binti angenikataa. Mambo yote yalikuwa yanakwenda vizuri. Nilirudi jioni, nikatundika kapasete kwenye msumari, na asubuhi nikaiangalia nisione sababu ya kuishusha. Mkeka ulikuwa karibu na ukuta. Nikageuka.

Bibi akatundika pazia. Nilimsikia anamwambia jirani malaria.

Mwenzangu alirudi kazini, akafungua pazia, akakaa chini karibu yangu na ovaroli yake yenye majani. Alikaa muda mrefu, lakini kwa kabati hilo si jambo geni. Halafu akasema, "Hii ni ile ya karanga."

Sikugeuka. Akaendelea taratibu, na nadhani hajawahi kusema maneno mengi vile kabla wala baada. Alisema naye inamjia. Ilianza akiwa na umri ule ule nilioanza mimi. Huko Pundanhar hakuna aliyemjua babu, kwa hiyo hakuna aliyekuwa anaisubiri. Mama mkubwa alipomkuta amelala kaukabili ukuta wa udongo, alidhani kijana amechoka. Pazia hakuwa nalo, nguo yenyewe ya kuvaa ilikuwa ya kutafuta. Akamkokota mpaka uani, akamkalisha pale watu wanapopita kwenda mashamba, akamwekea ungo na karanga za maganda. Akamwambia si lazima umenye, zishike tu. Watu wakipita wanamsalimia, hawasubiri aitikie. Wengine wanakaa kidogo, wanamenya mbili tatu, wanasema habari ya nguruwe pori walioingia kwenye mihogo, wanakwenda. Baada ya siku tatu nne vidole vinaanza vyenyewe. Siku ya kumi, kumi na mbili, anaamka. Na pale kijijini si siri. Mmoja ana goti, mwingine ana pumu, huyu ana siku zake.

Nikageuka.

"Kitanda si chenyewe," nikasema. Sauti yangu ilikuwa kama ya mtu mwingine.

"Nimekilalia wiki mbili nzima, kizuri sana."

"Na jina si lenyewe. Wewe huna jina lake."

"Sina."

"Sasa ni nini?"

Akavuta sikio la kushoto. "Labda ni babu mwenyewe," akasema.

"Babu hukumwona."

"Wewe ulimwona?"

Nilitaka kucheka, nikakosa nguvu ya kuanzia. Lakini mahali pa kicheko palikuwepo, nilipahisi.

Kesho yake akanipeleka hospitali, kanishika mkono kama kipofu. Wakanipima malaria. Huku hata ukivunjika mguu wanakupima malaria kwanza. Haikuwepo. Halafu nikapelekwa kwa dada mmoja kijana wa Nampula, anayeshughulika na watu wenye mambo ya moyo na kichwa. Alisema Kireno, na Kireno changu mimi kiliishia kwenye theluthi, kwa hiyo tulisaidiana kwa mikono. Akaniuliza kama kwenye familia kuna mwingine. Nikamwonyesha aliyesimama mlangoni. Akatuangalia huyu na huyu, akacheka, akaomba radhi, akacheka tena.

Alichotueleza, kwa jinsi nilivyoelewa, ni kwamba jambo hili linatembea kwenye familia kama urefu na upara. Lakini si hukumu. Maisha ya mtu nayo yana mkono, yanaweza kukusukuma na yanaweza kukushika. Nikamwuliza ni kiasi gani cha damu na kiasi gani cha maisha, nilitaka anipe kwa robo na nusu. Akasema hata kwangu mimi na huyu, tuliofanana hivi, hawezi kupima. Akanipa vidonge na siku ya kurudi.

Njiani nikamwuliza mwenzangu, yeye kama mkulima anaonaje, ni mbegu au ni udongo? Nilikuwa najua lazima atakuwa na methali ya shamba. Akafikiri mpaka tukafika kwenye duka la mafuta ya taa.

"Karanga nazijua," akasema. "Watu siwajui."

Nyumbani akachukua lile gunia lake, akalitoa barazani, akatandika jamvi. Bibi akasimama mlangoni akazuia kwa mikono miwili. Akasema yule mama anaweza kupita leo, anaweza kupita kesho, mkimtoa huyu nje kwa hali hii posa imekufa, na mimi bibi yenu nimekwisha. Alikuwa analia. Na mimi nilimwelewa. Alikuwa ameficha mume miaka ishirini na mume mwingine miaka kumi, na hakuna aliyemwambia asante.

Mwenzangu akamshika mikono, akaishusha.

"Bibi, ndani analala wiki tano," akasema. "Mimi nje nalala siku kumi. Piga hesabu mwenyewe, mimi sikusoma."

Bibi akamwangalia sana. Halafu akaingia ndani, na mimi nikajua amekasirika. Akatoka na ungo.

Nakiri kwamba jioni ile nilijaribu ujanja. Nilimwambia mwenzangu kwa kunong'ona, wewe ndiye mimi, sura ni hii hii, mama yule akija kaa wewe, cheka kidogo, mimi nijifiche. Akasema hajui kucheka kwangu. Nikasema nitamfundisha. Akasema, "Halafu nikipendeza mimi?" Hapo nikaacha.

Siku mbili nilizishika tu zile karanga. Watu wa Palma hawakuwa na mazoea kama ya Pundanhar, walikuwa wanasimama wanauliza kunani. Mwenzangu anawajibu, ana siku zake, kaa umenye. Wengine walikaa. Shehe mwenyewe alikaa, akamenya vibaya, nusu akala.

Siku ya tatu, baada ya adhuhuri, shangazi akatokea. Nilimwona anakuja na mwavuli wake, na bibi ndani akamwona pia, nikasikia mfuniko wa sufuria unaanguka na kuzunguka sakafuni mpaka ukachoka. Mwenzangu alikuwa pembeni yangu, anamenya. Shangazi akasalimia, akakaa kwenye jamvi, akavuta ungo kwake akaanza kumenya kama aliyekuja kwa kazi hiyo. Alikuwa anamenya haraka, kwa dole gumba. Akaniangalia.

"Nasikia wewe ni mtu wa vichekesho," akasema.

"Huwa, shangazi."

"Leo je?"

Nilikuwa na jibu la kuchekesha. Niliona liko pale, karibu, kama kitu kilichoanguka chini ya meza. Nikashindwa kuinama.

"Leo siwezi," nikasema. "Nina ugonjwa wa kunyamaza. Babu alikuwa nao, huyu ndugu yangu anao. Unakuja, unakaa, unaondoka. Nimeanza dawa. Lakini utarudi, shangazi, nisikudanganye."

Shangazi akamenya karanga nne, tano.

"Ukiwa hivyo unapiga?"

"Napiga nini?"

"Mtu. Mke. Mtoto."

"Shangazi, nikiwa hivi siwezi kupiga hata chafya."

Mwenzangu akakohoa. Shangazi hakucheka, lakini macho yake yalizidi kuwa madogo.

"Na ukiamka?"

"Nikiamka naongea sana."

"Hilo tumeshaambiwa. Hilo ndilo lililotutia wasiwasi."

Akaniambia kwa nini amekuja. Dada mkubwa wa yule binti wa cherehani aliolewa na mtu wa ukoo safi. Waliuliza mababu saba, wote watu wa msikitini, hakuna mgonjwa, hakuna mwizi. Mwaka wa pili binti akarudi nyumbani mkono umevunjika. "Ukoo tuliuliza," akasema. "Mkono hatukuuliza." Tangu hapo yeye akifika kwa mtu haulizi habari za damu. Anakaa, anaangalia mtu anavyowashika walio karibu naye, na wao wanavyomshika. Alikuwa amesimama upande wa pili wa njia siku mbili, chini ya mwavuli wake, akituangalia tunavyomenya. Na sisi miaka yote tulikuwa tumetundika pazia juu ya jambo ambalo hakutaka hata kuliuliza.

Alibaki mpaka ungo ukaisha. Akafunga karanga zilizomenywa kwenye pindo la kanga, akainuka, akamwangalia mwenzangu kuanzia kichwani mpaka miguuni.

"Na huyu," akamwuliza bibi aliyekuwa sasa amejitokeza mlangoni na macho mekundu, "huyu ana mke?"

Ningependa kusema niliamka siku ya kumi. Niliamka ya kumi na tisa. Mwenzangu alisema ni kwa sababu nilichelewa kuanza. Jibu la posa lilikuwa limeshafika, bibi alikuwa ananisubiri niamke ili aniambie, na aliponiambia nikaomba maji ya moto.

Baadaye nilimwuliza mke wangu kama yeye alijua. Akasema alijua kabla ya shangazi. Mwaka mmoja kabla, wakati bado ananipima ovaroli na mwenzangu amerudi Pundanhar kuvuna karanga, niliwahi kupotea mwezi, nikarudi na utani mwingi. Yeye akapitisha futi kiunoni, nimepungua vidole vinne. "Mtu anayecheka hapungui vidole vinne," akasema. Hakuuliza. Aliacha kitambaa kidogo kwa ndani, ili nikinenepa aweze kufungua.

Siku ya kwanza kuingia nyumbani aligonga ugoko. Akauliza kitanda hiki kimepotea njia, na kabla hatujamweleza akakisukuma mpaka ukutani, apate mahali pa cherehani. Bibi akasoma dua siku saba. Ukuta ukaendelea kunijia kwa ratiba yake ile ile, haukuzidi. Ulikuwa unanikuta barazani, unakaa nami, unakwenda. Kitanda kilikuwa hakihusiki.

Hayo yote yalikuwa kabla ya vita. Ya vita wataandika waliomaliza shule. Bibi alikuwa ameshatangulia, alhamdulillahi, hakuyaona. Tuliporudi kutoka tulikokimbilia, kitanda hakikuwepo. Aliyekichukua namwombea heri, na ajue hakina kosa lolote, anaweza kukiweka anapotaka. Mwenzangu sasa anakaa nyumba ya tatu kutoka kwangu na mke aliyetafutiwa na shangazi. Akiwa na siku zake ungo unakwenda kwake, nikiwa na zangu unarudi kwangu. Mara moja zilitukuta pamoja, na wake zetu wakasema ungo wanunue wa pili.

Nina binti mmoja, ana miaka kumi na moja. Ana jina la bibi, kwa hiyo ananiita mume wangu na kunigombeza kwamba natembea sana. Papai hali. Chafya tatu. Anaongea kama mimi, darasani wanamhamisha dawati kila wiki. Lakini wiki iliyopita nilirudi nikamkuta amelala mkekani, kageukia ukuta, kimya. Sikumgusa paji la uso. Nilikwenda jikoni, nikachukua ungo, nikakaa karibu yake, nikaanza kumenya polepole, bila kusema neno, na kwangu hiyo ni kazi kuliko kushika fimbo.

Baada ya muda akainua kichwa. Mbele yake, kwenye mwanga wa dirisha, kulikuwa na kitabu.

"Baba, nasoma tu," akasema.

Nikamwambia soma. Akanyoosha mkono nyuma bila kuangalia, akachota karanga kwenye ungo, akaendelea. Nilibaki pale. Nilimenya mpaka akamaliza ukurasa, na ukurasa mwingine, na nilipochungulia juu ya bega lake nikaona ni hesabu za theluthi.